Baba kapofuka ukubwani: ubongo wake wa kuona unafanya nini sasa?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ni seremala hapa Tanga, ana miaka 57. Presha ya macho ilimla jicho la kulia zamani, na mwaka jana la kushoto nalo likazima. Sasa haoni hata mwanga wa taa. Miezi hii michache anasema anaona vitu: maua yaliyojipanga kama ya kanga, watoto wadogo wenye kofia wakipita, mara ukuta wa matofali mahali pasipo na ukuta. Shangazi anasema ni mashetani, anataka tumpeleke kwa mganga. Kaka yangu amesoma mtandaoni kwamba ubongo wa kipofu hugeuzwa, sehemu ya kuona ikapewa masikio. Anasema masikio ya baba yatakuwa makali yenyewe, na hata tiba ikija hataona tena kwa kuwa nafasi imeshachukuliwa. Mimi nataka ajifunze nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Kaka anasema ubongo wa mzee haufundishiki. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na poleni sana nyumbani. Shangazi, kaka na wewe, kila mmoja ana neno lake juu ya kichwa cha baba. Kabla sijawajibu mmoja mmoja, tuelewane kwanza ugonjwa wa baba uko wapi, na wapi haujafika.

Kila jicho lina mshipa wa fahamu wenye nyuzi kama milioni 1 zinazopeleka habari ubongoni. Presha ya macho, yaani glakoma, huua nyuzi hizo polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, na uzi uliokufa hauoti tena. Hapo ndipo baba alipoumia. Sasa weka kiganja chako kisogoni. Chini ya mfupa huo ndipo lilipo gamba la ubongo linalopokea habari za macho. Ni kweli kwamba picha za MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, za watu ambao glakoma yao imekomaa huonyesha gamba hilo limepungua unene kidogo, lakini kupungua unene si kufa. Ofisi ya baba ipo na watumishi wanaingia kazini kila siku. Kilichokoma ni barua.

Anachouliza kaka yako ni kama watumishi hao wameshatimuliwa na ofisi kupewa wengine. Kulijibu swali hilo lazima tujue ofisi yenyewe imepangwaje, na mpangilio huo ulijulikana kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1904 Japani na Urusi ziliingia vitani. Risasi za bunduki mpya za Warusi zilikuwa nyembamba na zenye kasi kubwa, hata askari kadhaa wa Kijapani walipigwa kichwani, risasi ikaingia huku na kutokea kule, nao wakapona. Wengine walibaki na mapengo katika kuona kwao. Daktari kijana wa macho, Tatsuji Inouye, alipewa kazi ya kupima kila mmoja amepoteza uoni kiasi gani ili serikali ijue imlipe nini. Yeye akaenda mbali zaidi ya kazi aliyotumwa. Kwa kila askari alipima tundu la kuingilia na la kutokea, akakokotoa njia ya risasi ndani ya ubongo, kisha akailinganisha na pengo lililo machoni pa askari huyo. Mwaka 1909 alichapisha alichokipata: kisogoni kuna ramani. Kila sehemu ya mandhari unayoiona ina mahali pake maalumu kwenye gamba hilo, juu kwa chini na kulia kwa kushoto. Zaidi ya hapo, ile sehemu ndogo ya katikati, unayoitumia kusoma au kutunga uzi kwenye sindano, imepewa eneo kubwa kuliko zote.

Ramani hiyo hufutika mtu akipofuka ukubwani? Mwaka 1968, huko Uingereza, Giles Brindley na Walpole Lewin walichapisha taarifa ya upasuaji waliomfanyia mwanamke wa miaka 52 aliyekuwa amepofushwa na glakoma, ugonjwa huohuo wa baba. Walimwekea elektrodi 80, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme, juu ya gamba la kisogoni. Walipopitisha umeme kidogo, mama yule aliona vinuru gizani, na kila elektrodi ilileta kinuru chake mahali pake, kwa namna inayofuatana na ramani ile ya zamani. Mwaka 2021 watafiti wa Hispania walitoa taarifa ya mwanamke wa miaka 57 aliyekuwa kipofu kwa miaka 16. Kifaa chenye elektrodi 96 kilikaa kisogoni mwake kwa miezi 6, akaweza kutambua baadhi ya herufi kwa vinuru vilivyowashwa. Miaka 16, binti yangu. Baba ana mwaka mmoja. Kama wageni wangekuwa wamehamia na kuigeuza ofisi, umeme ule ungeleta sauti, au mguso, au vurugu isiyoeleweka. Ulileta nuru.

Kwa hiyo hofu kubwa ya kaka yako, kwamba nafasi imeshachukuliwa, haina msingi kwa mtu aliyepofuka akiwa na miaka 56. Yako mambo mawili yanayobadilika kweli, na moja ndilo linalomsumbua shangazi.

Chembe za ubongo hazikuumbwa kukaa kimya. Zikikosa habari kutoka machoni huongeza wepesi wake wa kushtuka, kama mtu anayesubiri simu muhimu na kila mlio mdogo unamfanya aruke. Zikishafika hapo huanza kuwaka zenyewe bila kuletewa kitu, na kwa kuwa zimo ndani ya ofisi ya kuona, kuwaka kwake mtu hukuona kama picha. Hayo ndiyo maruweruwe ya baba. Mwaka 1760 mwanasayansi wa Geneva aitwaye Charles Bonnet aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekuwa amepoteza sehemu kubwa ya uoni. Babu huyo alikuwa akiona watu, ndege, magari ya farasi na majengo, huku akili yake ikiwa timamu kabisa na mwenyewe akijua kwamba havipo. Hali hii leo inaitwa kwa jina la Bonnet, na madaktari wa macho wanaifahamu vizuri. Wagonjwa huelezea mambo yanayofanana hata kama wanaishi mabara tofauti: michoro inayojirudia, kuta za matofali, nyavu, watu wadogo, mavazi ya ajabu, kofia. Soma tena ulichoniandikia kuhusu baba. Maua ya kanga ni mchoro unaojirudia, na kwa mtu wa Pwani aliyelelewa katikati ya kanga, sioni ajabu ubongo ukiuvalisha mchoro ule nguo hiyo.

Mwaka 1998 Dominic ffytche na wenzake huko London waliwaweka watu wa namna hii ndani ya mashine ya MRI na kuwaomba waashirie kila picha inapotokea. Mtu alipoona rangi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na rangi ndiyo iliyowaka. Alipoona nyuso, iliwaka sehemu ya nyuso. Kingine ninachopenda kuwaeleza ndugu wa wagonjwa ni kwamba jambo hili halihitaji hata ugonjwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watu 13 wenye macho mazima walifungwa vitambaa usiku na mchana kwa siku 5. Kati yao 10 waliona maruweruwe, wengi wao ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Kitambaa kilipotolewa, yakaisha.

Sitamlaumu shangazi. Anamwona kaka yake akizungumzia watoto ambao hakuna mwingine anayewaona, na anamtakia uzima. Mwambie kwa heshima kwamba hawa watoto hawana sauti, hawamwamrishi baba kufanya lolote, na baba mwenyewe akiulizwa polepole atasema anajua hawapo. Hiyo ni dalili nzuri. Ninachokihofia mimi ni baba kupelekwa kwenye ngoma za kupunga pepo, akaaibika, kisha siku nyingine akiona kitu akanyamaza. Nimekutana na wazee waliokaa na maruweruwe haya miaka bila kumwambia mtu, wakihofu kuitwa wendawazimu. Wengi wao walipumua walipoambiwa tu kwamba hali hiyo ina jina.

Picha zikimjia, ajaribu kutembeza macho haraka kulia na kushoto mara kadhaa, hata kama hayaoni. Wengine husaidika pia kwa kupepesa, kusimama na kubadilisha mahali, au kunyoosha mkono kugusa kile kinachoonekana. Huja zaidi mtu akiwa amekaa kimya bila shughuli au akiwa na usingizi, kwa hiyo mtu mwenye kazi mikononi huyaona kwa uchache zaidi. Lakini mkiona baba anasikia sauti, anaamini picha ni watu wa kweli, anachanganyikiwa majira, anatetemeka mikono au amesahau mambo ya jana, mpelekeni hospitali mapema. Hapo tunatafuta kitu kingine, pamoja na madhara ya dawa anazotumia.

Jambo dogo la pembeni, kwa kuwa umesema haoni hata mwanga. Nyuzi zile zilizokufa zilikuwa na kazi nyingine pia, ya kuuambia ubongo kumekucha au kumekuchwa. Asiyepata mwanga kabisa huweza kupotewa na saa ya mwili, akawa macho usiku wa manane na kusinzia mchana. Mwamsheni saa ileile kila siku, ale kwa wakati, atembee asubuhi. Usingizi ukitulia, na maruweruwe huenda yakapungua.

Sasa kaka. Sipendi kumwambia amedanganywa, kwa kuwa alichosoma kina ukweli wa mtu mwingine. Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake huko Marekani walichapisha picha za ubongo wa wasioona wakisoma nukta nundu, na gamba la kisogoni, lile la kuona, lilikuwa limewaka. Mwaka uliofuata kundi hilohilo, chini ya Leonardo Cohen, lilitumia mipigo ya sumaku kuivuruga sehemu hiyo kwa muda mfupi, na wasomaji waliopofuka utotoni wakaanza kukosea herufi. Kisha mwaka 2000 likaandikwa tukio linalonigusa kila ninapolisimulia. Mwanamke wa miaka 63, asiyeona tangu kuzaliwa na msomaji hodari wa nukta nundu, alipatwa na kiharusi kilichoharibu kisogo pande zote mbili. Vidole vyake vilikuwa vizima, na aliendelea kuzihisi nukta zilizo kwenye karatasi. Lakini hakuweza tena kusoma. Gamba ambalo maishani mwake halikupata kuona hata mara moja ndilo lililokuwa likimsomea.

Habari hizo ni za kweli, ila ni za watu waliopofuka wakiwa wachanga au wadogo. Ubongo wa mtoto unajengwa, na chumba ambacho hakijawahi kupata mwenyewe hupangiwa kazi nyingine tangu msingi. Cohen alipowapima watu waliopofuka baada ya umri wa miaka 14, mipigo ileile ya sumaku haikuwavuruga kusoma kama ilivyowavuruga wale wengine. Na kuhusu masikio, watafiti wa Montreal walichapisha mwaka 2004 kwamba waliopofuka utotoni walizipambanua sauti nyembamba na nene kuliko watu wanaoona, lakini waliopofuka ukubwani walikuwa sawa tu na wanaoona. Kwa hiyo masikio ya baba hayatanoleka yenyewe. Msikae kungoja. Ukimwona anatambua mgeni kwa hatua zake, hiyo ni kazi ya kusikiliza kwa makini siku baada ya siku, na inastahili kusifiwa kama kazi.

Hapa kaka atasema: basi si ndiyo hayo niliyosema, ubongo wa mzee umefungwa? Hapana, na sababu imo katika utafiti ambao naupenda kuliko yote katika uwanja huu. Mwaka 2008 Lotfi Merabet, Alvaro Pascual-Leone na wenzao huko Boston waliwafunga tena vitambaa watu wazima wenye macho mazima kwa siku 5, wakawafundisha nukta nundu kwa bidii kila siku. Siku ya 5, vidole vilipogusa nukta, gamba la kisogoni liliitika. Kitambaa kikatolewa, na siku moja baadaye kuitika kule kukatoweka.

Fikiria maana yake. Nyuzi mpya za ubongo haziwezi kuota kutoka vidoleni hadi kisogoni kwa siku 5 kisha zikanyauka kwa siku 1. Njia hiyo ilikuwapo tangu zamani, kwa baba, kwako na kwangu, ila habari za macho zinapomiminika huizima. Hili ndilo jambo la pili linalobadilika: macho yanaponyamaza, mlango unafunguka kidogo, na matumizi ndiyo yanayouweka wazi. Hapa ndipo maandishi mengi ya mtandaoni yanapokosea. Yanaueleza ubongo kama shamba ambalo jirani huvamia mara mwenyewe anapoondoka. Mimi nauona zaidi kama nyumba ya Kiswahili yenye milango ya ndani inayounganisha vyumba. Ilikuwa imerudishwa tu, na ukizima muziki wa sebuleni utasikia watu wa uani.

Wataalamu wenyewe wamebishana sana juu ya hili. Mwaka 1992 Charles Gilbert na Torsten Wiesel walionyesha kwamba sehemu ndogo ya retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, ikiharibiwa kwa paka na nyani wakubwa, chembe za ubongo zilizokosa habari huanza, baada ya miezi, kuitikia habari za sehemu za jirani. Mwaka 2005 kundi la Stelios Smirnakis na Nikos Logothetis likapima nyani kwa MRI, nalo halikuona ramani ikijipanga upya hata baada ya miezi mingi. Na mwaka 2023 Tamar Makin na John Krakauer waliandika makala ndefu wakisema kwamba mengi tunayoyaita kugeuzwa kwa ubongo ni uwezo uliokuwamo, ukapata nafasi ya kujitokeza. Mimi niko upande wao. Kwa mtu wa umri wa baba yako naiona ni habari njema maradufu: kwanza ofisi yake ya kuona haijabomolewa, pili anayo njia ya kuitumia leo bila kusubiri ubongo uote kitu kipya.

Ataitumiaje? Kwanza kwa picha zake mwenyewe. Aliyepofuka baada ya umri wa miaka 5 hadi 7 kwa kawaida huendelea kuona ndotoni na kukumbuka kwa picha, na baba ameona kwa zaidi ya nusu karne. Muulize mlango aliomtengenezea jirani una mbao ngapi. Atauona. Watu hutofautiana hapa: wako ambao picha huwafifia miaka inapopita, na wako wanaozitunza kwa makusudi hadi uzeeni, wakijenga kichwani ramani ya kila chumba wanachoingia. Ninaamini kuzitumia kunasaidia kuzitunza. Mnapotembea naye msimwambie tu "pinda hapa". Mwambieni kuna nini: duka la rangi kushoto, mwembe kulia, mtaro mbele hatua nne. Mpeni ubongo wake kitu cha kuchora.

Pili kwa mikono. Binti yangu, baba yako ni seremala! Mikono yake imepima mbao miaka mingi kabla macho hayajazimika, na nadhani hata alipokuwa akiona alimaliza kila kazi kwa kupitisha kiganja juu ya ubao kusikia kama randa imekwaruza. Mninga na mkongo anavitenganisha kwa uzito na harufu. Sisemi arudi kwenye msumeno wa umeme. Nasema msimwondolee karakana yote. Kupiga msasa, kupaka gundi, kuunganisha viungo, kumfundisha kijana: anzeni hapo, vifaa vikiwa na mahali pake pasipobadilishwa na mtu yeyote.

Na nukta nundu, ndiyo, aanze. Atakwenda polepole kuliko mtoto. Vidole vya mtu mzima aliyefanya kazi ngumu vina sugu, na kusoma kwa kasi huenda kusije kabisa. Wengi wa umri wake hawafiki kusoma kitabu kizima, nami sitaki umwahidi hivyo. Lakini kuandika lebo za makopo ya skrubu, namba za simu na vipimo vya meza, hayo anayaweza. Anza na herufi chache zenye nukta kubwa, dakika 20 asubuhi na 20 jioni, kila siku. Kwa habari ndefu kuna simu inayosoma maandishi kwa sauti, na haina sababu ya kushindana na nukta nundu. Zungumzeni na Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, mpate mtu wa kumfundisha. Mwalimu ambaye naye haoni humfungua mwanafunzi kwa namna ambayo mimi daktari siwezi. Hukohuko muulizie pia mafunzo ya kutembea na fimbo nyeupe, kwa sababu fimbo ndiyo itakayomtoa nje ya ua.

Kaka akishikilia kwamba mzee hafundishiki, mpe hii. Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kilichapisha mwaka 2021 matokeo ya kuwafundisha watu kupiga kidoko kwa ulimi na kusikiliza mwangwi ili wajue mbele kuna ukuta, nguzo au uwazi. Walikuwamo wasioona 12, na umri wa washiriki wote ulianzia miaka 21 hadi 79. Mafunzo yalichukua wiki 10. Wote walipiga hatua, na umri haukuwazuia kujifunza. Miezi mitatu baadaye, wasioona 10 kati ya 12 walisema maisha yao ya kujitegemea yamekuwa bora. Miaka kumi kabla ya hapo, Lore Thaler, aliyekuwa miongoni mwa watafiti hao, alikuwa ameonyesha kwamba kwa wajuzi wa mwangwi wasioona gamba la kuona huitika wanaposikiliza mwangwi huo. Mmoja wao alikuwa amepofuka akiwa na miaka 14.

Limebaki la tiba. Michael May wa Marekani alipoteza uoni akiwa na miaka 3, na mwaka 2000, baada ya miaka 43, jicho lake moja lilirudishiwa uwezo kwa upasuaji. Aliona rangi na mwendo wa vitu, lakini nyuso za watu na umbali wa vitu vilimshinda hata miaka ikapita, kwa sababu ubongo wake haukupata kumaliza kujifunza hayo utotoni. Nadhani habari kama hii ndiyo iliyomtisha kaka yako. Baba hayuko katika kundi hilo. Yeye yuko pamoja na wale wazee tunaowatoa mtoto wa jicho baada ya miaka mingi ya giza, bandeji inafunguliwa, naye anawataja wajukuu kwa majina. Ubongo uliojifunza kuona hausahau upesi hivyo.

Kinachomzuia baba ni uzi, na hapa nitakuwa mkweli hata kama inauma. Hadi leo hakuna dawa, tone, mti shamba wala upasuaji unaorudisha mshipa wa fahamu uliouawa na glakoma. Vifaa vya elektrodi nilivyovitaja bado ni vya majaribio kwa watu wachache sana. Wapo watakaowauzia chupa za "kufufua mishipa" au safari za ng'ambo za kudungwa chembechembe. Msiuze kiwanja kwa ajili yao. Matone ya presha aliyoandikiwa asiyaache bila kumuuliza daktari wake, maana jicho lisiloona nalo linaweza kuuma sana presha ikipanda.

Na ninyi watoto wake: glakoma hutembea katika damu ya ukoo, na aliye na mzazi mwenye ugonjwa huu yuko katika hatari kubwa mara kadhaa kuliko mwingine. Haiumi, na hula pembeni kwanza wakati mtu anaona anasoma vizuri. Wewe, kaka, na shangazi pia kwa kuwa ni dada yake, nendeni kliniki ya macho mwezi huu mkapimwe presha na mkaangaliwe mshipa wa ndani ya jicho. Nendeni pamoja, siku moja, halafu uniandikie mmeambiwa nini.